Aliyempisha Mwenzake

Somo: Mwanzo 13:1–12

Nchi iliwabana Abramu na Loti. Mifugo mingi, malisho haba, wachungaji wao wameshaanza kugombana. Abramu ndiye mkubwa, na ndiye aliyeahidiwa nchi ile. Kumbe ndiye anayemwachia mtoto wa nduguye achague kwanza. Yeye atashika upande utakaobaki.

Somo hili limenikumbusha habari za angani. Tarehe 9 Januari 2025, moto ukiteketeza Los Angeles, ndege ya zimamoto kutoka Quebec ilikuwa ikichota maji baharini na kuyamwaga motoni. Ikagongwa na ndege nyuki ya mtu aliyetaka tu kuona hasara ya moto, nayo ilishafika mbali hata mwenyewe haioni. Bawa likatoboka tundu la kuingia ngumi. Marubani walitua salama, Mungu ashukuriwe, lakini ndege ile ilitolewa kazini, na nyumba za watu bado zinaungua.

Sheria ya Marekani iko wazi: ndege nyuki huipisha ndege yenye watu. Lakini utampishaje usiyemwona? Rubani naye hawezi kukiona kidude kidogo vile kwa wakati, na ndege ndogo nyingine hazirushi ishara ya redio ya kujitambulisha. Kampuni ya Zipline, inayopeleka damu kwenye hospitali za Rwanda tangu 2016, ilibuni ndege nyuki yenye masikio: maikrofoni ndogo mabawani, zinazosikiliza muungurumo pande zote. Ikisikia ndege inakuja, hupiga hesabu ya mwelekeo wake na kugeuza njia yenyewe.

Hapo moyo wangu uligota. Hata ikibeba damu ya mama aliyetoka kujifungua, itapisha. Sisi je? Nimeona kwaya na kamati ya ujenzi wakinuniana mwezi mzima kwa ajili ya ukumbi, kila upande ukisema kazi yake ni ya Mungu. Na kweli ilikuwa ya Mungu. Ila hakuna aliyekaa kimya kidogo amsikie mwenzake anatokea wapi.

Nawe kijana wangu unayepiga picha za harusi kwa ndege nyuki, kuna vijiji vyetu ambavyo ndege ndogo ndiyo gari la wagonjwa. Ukisikia muungurumo wake unakaribia, usingoje kumalizia picha. Ishushe.