Asante na Kura

Je, ni utovu wa adabu kumnyima kura mtu aliyekutendea wema? Swali hili linaonekana wazi sana katika chaguzi za FIFA.

Mei 27, 2015, polisi wa Uswisi waliwakamata viongozi saba wa mpira hotelini Zürich, kwa ombi la Marekani, kwa tuhuma za rushwa. Siku mbili baadaye wajumbe wakapiga kura. Sepp Blatter, rais tangu 1998, akapata 133. Mwanamfalme Ali wa Yordani akapata 73, akajitoa kabla ya duru ya pili. Haikupita wiki, Blatter mwenyewe akatangaza kwamba ataachia kiti.

Wengi hapa kambini wanasema: wale 133 walinunuliwa, basi. Mimi sikubali haraka hivyo. Tangu 1999, mradi wa FIFA ulioitwa Goal ulijenga ofisi na viwanja katika nchi nyingi maskini. Mjumbe wa nchi kama hiyo anakumbuka. Sisi tumefundishwa toka utotoni kwamba fadhila za punda ni mateke, na nani anataka kuitwa punda?

Lakini tuulize: pesa ile ilikuwa ya nani? Sehemu kubwa ya mapato ya FIFA inatoka Kombe la Dunia, kwa televisheni na makampuni yanayotangaza biashara. Maana yake inatoka kwa watazamaji, pamoja na sisi tunaobanana kwenye banda la video. Rais alikuwa mtunza ghala. Anayepima unga siku ya mgao hakuulima, na hata mkono wake ukiwa mwepesi, unga haugeuki kuwa wake. Akisimama kugombea uongozi wa bloku na kusema "mimi ndiye niliyewalisha", tunamcheka. Kwa nini wa Zürich tusimcheke?

Wengine wanaona dawa ni kupunguza nguvu ya wadogo, kwa sababu kisiwa cha Montserrat kina kura moja sawasawa na Brazili. Hapo nakataa kabisa. Mwenye shida asinyang'anywe sauti eti kwa sababu shida inaweza kumshawishi. Sisi wakimbizi tunaijua hoja hiyo, tumeshaambiwa mara nyingi. Dawa ni mgao uwe haki iliyoandikwa, ujulikane kwa wote, usiwe na jina la mtu juu yake. Ndugu zetu wa mashirika, hili ni lenu pia.

Mwaka 2016 Gianni Infantino aliomba kura akiahidi kila shirikisho dola milioni 5 kwa miaka minne. Duru ya kwanza alipata 88, Sheikh Salman 85; ya pili 115 kwa 88. Mwaka 2023, pale Kigali, hakuwa na mpinzani, na wajumbe walimpitisha kwa makofi.

Makofi hayo yananitia wasiwasi kuliko zile kura 133. Mwaka 2015 watu 73 walikataa kwa siri, hakuna aliyewaona. Kwenye makofi, anayekunja mikono anaonekana na kila mtu, na anayegawa yuko mbele anatazama.

Asante ni ya jana, na mdomo unatosha kuisema. Kura ni ya kesho. Anayedai asante yake ndani ya sanduku la kura, wema wake ulikuwa mkopo, na hakutuambia siku alipotupa.