Kuangalia Nako Kuna Bei

Leo si kitabu, mtanivumilia. Kuna swali limenikaa kichwani tangu Agosti, nilipokuwa pwani ya Norfolk, Uingereza: eti kutazama ndege ni starehe isiyomdhuru yeyote?

Mwisho wa kiangazi kule shayiri imeshavunwa, mashambani yamebaki mabua. Mbele kuna vinamasi, halafu tope la ghuba ya Wash. Bamvua likijaa, tope lote hufunikwa, na maelfu ya vitwitwi waliotoka Greenland na kaskazini ya Kanada hukimbilia mabwawa ya Snettisham, wakabanana pale kungoja maji yatoke. Wamechoka, wanabadilisha manyoya, na mafuta ya mwilini ndiyo akiba yao. Ukiwarusha, wamelipa wao. Picha umepata wewe.

Nilimwona bwana mmoja akipiga makofi ili waruke. Picha ilitoka nzuri kweli, nisiseme uongo.

Watu hujitetea kwamba asiyeona hatapenda, na asiyependa hatalinda. Sawa. Kinamasi cha Cley, pwani hiyohiyo, kilinunuliwa mwaka 1926 kiwe hifadhi, na walionunua walikuwa wapenda ndege. Lakini jamani, hao walitoa pesa zao. Mpiga makofi anatoa mafuta ya ndege, tena bila kumwuliza.

Nilipomwambia, akanijibu kwamba kwa mbali haonekani ndege, linaonekana wingu la kijivu tu. Mimi nililitazama wingu hilo saa nzima.