Shuruti na Hiari Angani: Marubani wa Nanyuki, 1982

Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 nchini Kenya liliwatia watu kadhaa katika mtihani ambao wanafalsafa na wanazuoni wa dini wameujadili kwa karne nyingi: mtu anayetenda huku ameelekezewa mtutu wa bunduki anabeba dhamana gani kwa alichokitenda? Waasi, wengi wao askari wa vyeo vya chini wa Jeshi la Anga wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walikuwa na silaha, lakini kazi walizozitaka zilihitaji wenye ujuzi. Jijini Nairobi walimchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela wakamlazimisha atangaze redioni kwamba serikali imepinduliwa. Katika kambi ya Nanyuki, Koplo Bramwel Njereman aliwalazimisha marubani watatu, Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza, warushe ndege za kivita wakapige mabomu Ikulu ya Nairobi na makao makuu ya kikosi cha polisi cha GSU.

Njereman alipanda ndege moja na Mutua ili kuhakikisha amri inatekelezwa. Hakuwa amewahi kuruka katika ndege ya aina hiyo, na Mutua alilijua hilo. Wakiwa angani marubani walielewana kwa redio kuzipindua ndege kwa kasi na kwa kona kali. Ndege ikikata kona ya namna hiyo, uzito wa mwili huongezeka: kwa nguvu mara tano ya mvutano wa ardhi, mtu wa kilo 70 hubanwa kitini kama mwenye kilo 350. Damu hukimbilia miguuni, macho huanza kuona kijivu, kisha giza, na mwishowe mtu huzirai. Rubani aliyefunzwa hukaza misuli ya miguu na tumbo na kupumua kwa mkupuo ili damu isishuke kutoka kichwani. Asiyefunzwa hana kinga. Koplo alizirai. Mabomu yaliachiwa kwenye msitu wa Mlima Kenya na ndege zikarudi Nanyuki bila Nairobi kuguswa kutoka angani.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, anatoa mfano wa nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Hakuna atupaye mali kwa kupenda, lakini mwenye akili hufanya hivyo ili kuokoa roho. Vitendo vya aina hii aliviita mchanganyiko: mazingira hayakuchaguliwa, ila mkono unaotenda bado unaongozwa na mwenyewe. Kwa hiyo vinastahili kusifiwa au kulaumiwa, ingawa mara nyingine vinastahili kusamehewa. Anaongeza kwamba yapo mambo ambayo hata tishio la kifo halimhalalishii mtu kuyatenda. Marubani wa Nanyuki wanaingia katika fungu hilo la mchanganyiko. Kuruka hakukuwa hiari yao, lakini mahali pa kuangukia mabomu palibaki mikononi mwao.

Fikra ya Kiislamu inalijadili suala hili chini ya mlango wa ikrahi, yaani kulazimishwa. Aya ya 106 ya sura An-Nahl inamwondolea lawama aliyelazimishwa kutamka maneno ya kufuru huku moyo wake umetulia katika imani, na wafasiri wengi huihusisha na Ammar bin Yasir aliyeteswa na Makureshi. Kwa kipimo hicho, maneno aliyolazimishwa mtangazaji kuyasema redioni hayamtii hatiani. Kuua ni jambo jingine. Wanazuoni wameafikiana kwamba shuruti haihalalishi kumuua asiye na hatia, kwa kuwa roho ya aliyelazimishwa haina thamani zaidi kuliko roho ya anayetakiwa kuuawa. Wametofautiana juu ya kisasi kimwangukie nani. Abu Hanifa alikiweka juu ya aliyelazimisha. Katika madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani ya Afrika Mashariki, kauli yenye nguvu zaidi ni kwamba hukumu inawapata wote wawili.

Teolojia ya Kikristo inafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Hofu kubwa hupunguza dhambi ya mtendaji, lakini haigeuzi uovu kuwa wema. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi, anaikataa hoja ya kutenda maovu ili mema yaje. Thomas wa Akwino alitenganisha jambo linalokusudiwa na madhara yanayotokea bila kukusudiwa. Kutupa mabomu msituni kuna hatari kwa yeyote aliyekuwa huko, lakini hatari hiyo haikuwa kusudio la marubani, na ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na kupiga mji wenye watu.

Sheria ya kimataifa nayo ililazimika kujibu swali hilo, na sehemu ya jibu inahusiana na Arusha. Katika jengo la mikutano la AICC jijini humo iliketi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda kuanzia mwaka 1995 hadi 2015. Ibara ya 6 ya sheria iliyoianzisha ilisema kwamba amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia, ingawa inaweza kumpunguzia adhabu. Mahakama hiyo ilitumia majaji wa rufaa pamoja na mahakama ya iliyokuwa Yugoslavia, na Oktoba 1997 majaji hao waliamua kesi ya Dražen Erdemović, askari aliyeambiwa apige risasi mateka wa Srebrenica au asimame nao. Kwa kura tatu dhidi ya mbili walisema kwamba shuruti si utetezi kamili kwa askari aliyeua raia wasio na hatia. Mwaka uliofuata adhabu yake ilipunguzwa kutoka miaka 10 hadi 5.

Erdemović na Mutua wote walitishwa kwa bunduki. Kilichowatofautisha ni nafasi iliyobaki kati ya amri na matokeo. Aliyesimamishwa mbele ya mateka alikuwa na njia mbili tu, zote za mauti. Rubani alikuwa na ya tatu, na ilitokana na ujuzi wake. Mwenye bunduki hakujua kurusha ndege, hakujua mwili unavyobanwa kwenye kona, wala hangeweza kumpiga risasi rubani angani bila kujiua mwenyewe. Basi ujuzi wa kazi ni sehemu ya uhuru wa mtu, na kadiri ulivyo mpana ndivyo kisingizio cha kulazimishwa kinavyopungua. Fundi anadaiwa kuitafuta njia ambayo asiyejua hawezi kudaiwa.

Jambo hili linagusa pia namna rubani wa kivita anavyoheshimiwa. Petrus Hugo, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyepigana upande wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili na baadaye akahamia Afrika Mashariki, alipewa nishani ya Uingereza ya DSO, na ile ya DFC mara tatu, na alihesabiwa kuangusha zaidi ya ndege 15. Rekodi ya namna hiyo huhesabu shabaha zilizopigwa. Kwa rekodi hiyo, safari ya Nanyuki ni kazi iliyoshindikana, ingawa ilihitaji ustadi ule ule na ujasiri usio mdogo.

Pingamizi kubwa linabaki kwamba bahati ilichangia. Koplo angeweza kustahimili kona, au kufyatua risasi kabla ya kuzirai. Lakini bahati haiwezi kuwa kipimo cha wema wa kitendo, kwa sababu marubani waliamua kabla ya kujua mwisho wake. Wangeshindwa, uamuzi ungekuwa ule ule, na lawama ya madhara ingebaki kwa waliowalazimisha. Kiongozi wao, Ochuka, aliyekimbilia Tanzania kwa ndege iliyorushwa na marubani wengine chini ya vitisho, alirudishwa Kenya mwaka 1983 na kunyongwa mwaka 1987. Kwa aliyelazimishwa, hukumu inategemea mambo matatu: uovu wa kitendo alichoamriwa, njia alizokuwa nazo za kukiepuka, na juhudi aliyoifanya kuzitumia.