Nenda Ukashinde Naye

Masomo: Yohana 1:35–42, 2 Wafalme 2:1–12



Wanafunzi wawili wa Yohana Mbatizaji walimfuata Yesu njiani, naye akageuka akawauliza wanatafuta nini. Hawakuomba muujiza wala fundisho. Walitaka kujua anakaa wapi. Akawaambia waje waone. Wakaenda, wakashinda naye siku ile. Mwinjili anakumbuka hata saa, kwamba ilikuwa yapata saa kumi. Lakini yale waliyozungumza hakuyaandika. Injili hii imejaa hotuba ndefu za Bwana, na hapa hatuachiwi hata neno moja. Tunajua tu kwamba Andrea, alipotoka pale, alimtafuta ndugu yake Simoni akamwambia wamemwona Masihi.

Mistari hii haijaniacha tangu Jumamosi, nilipokwenda kushinda Bagamoyo na rafiki yangu wa tangu shule.

Sisi watu wa huku hatuna upungufu wa kukutana. Tunakutana msibani, harusini, kwenye vikao vya michango, kwenye jumuiya, kwenye vikoba. Watu mia wako chini ya turubai moja, kila mmoja na sahani yake mkononi, na wawili waliokua pamoja wanapata nafasi ya kusalimiana tu. Za siku? Nzuri, namshukuru Mungu. Watoto? Wazima. Haya, tutafutane basi. Kila mmoja anarudi kwake, na miezi inapita mpaka lisimame turubai jingine.

Mikusanyiko hiyo naipenda. Msiba usio na watu ni jambo la kutisha, na Mungu atuepushe na siku tutakapoanza kuzikana wachache wachache, kwa haraka. Ila dhiki yenye turubai kila mtu anaiona. Zipo dhiki zisizo na turubai: mkopo uliomshinda mtu, mtoto aliyeacha kupokea simu za mama yake, majibu ya vipimo yaliyofichwa chini ya nguo kabatini. Tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na ni kweli. Sasa atakufaaje asiyeijua dhiki yako? Na ataijua saa ngapi, wakati mshereheshaji anaita watu waje kutoa zawadi?

Tulipanda basi asubuhi Makumbusho. Mpaka Bunju tulikuwa tunazungumza Simba na Yanga. Kutoka Bunju mpaka Mapinga, ada za shule na bei ya saruji. Mtu mwingine angesema tunapoteza muda. Maneno mengine ni kama makande, hayaivi kwa moto wa haraka, na anayefunuafunua chungu anachelewesha mapishi.

Bagamoyo tulipita njia ya miembe mpaka misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika pale mwaka 1868 wakitokea Zanzibar. Upo mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar, na kutoka huko Uingereza. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 mpaka pwani hii. Historia inawakumbuka kwa mzigo walioubeba. Mimi, nikiwa nimesimama pale, nilikuwa nawaza habari ya wao kwa wao. Walikuwa wamesafiri pamoja kwa miaka. Waliambiana nini kambini usiku, mizigo ikishatuliwa na moto ukishawashwa? Hayo nayo hayakuandikwa.

Nyuma kuna makaburi ya wamisionari, na wengi wamelala pale wakiwa vijana. Rafiki yangu aliinama kwenye jiwe moja, akasoma mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, akatoa hesabu kwa sauti ya chini. Aliyezikwa pale alikuwa mdogo kuliko sisi wote wawili. Hakuongeza neno, nami sikumuuliza.

Mchana tulishuka soko la samaki. Mama mmoja alikuwa anakaanga changu kwenye karai kubwa, moto wa kuni, mafuta yakirukaruka hadi kwenye mchanga. Alikuwa akimgeuza kila samaki mara moja tu, kisha anamwegemeza ukingoni achuje mafuta kabla ya kumpa mteja. Tulikula kwa mikono, na ndimu na pilipili, tukitazama mashua zikisogea ufukweni na wanunuzi wakiingia majini kuziwahi. Tukanawa. Tukakaa. Jua lilikuwa limeshaanza kulegea aliposema, bila kunitazama:

“Kaka, nilipima mwezi uliopita. Figo.”

“Mama watoto anajua?”

“Bado.”

Nilikuwa na maneno mengi, maana kazi yangu ni maneno. Nikawakumbuka rafiki zake Ayubu, ambao kwa siku saba walikaa naye chini wasiseme neno, na hapo walikuwa rafiki kwelikweli; walikosea walipoanza kufundisha. Nikanyamaza. Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyeendelea, akanieleza yote tangu dalili ya kwanza. Jioni kwenye basi aliniomba nimsindikize nyumbani, niingie naye mpaka ndani. Nikaingia. Yaliyosemwa pale sebuleni ni ya kwao. Haya machache ameniruhusu niyaandike, na mkewe pia.

Kila Jumapili huyu mtu tunasalimiana mlangoni mwa kanisa. Neno lile asingeweza kunipa pale mlangoni, na si kwa sababu hanipendi au hana imani nami. Neno kama hilo halisemwi kwa mtu anayetazama saa. Lilihitaji makaburi, na njaa, na kushiba, na ukimya mrefu baada ya kushiba.

Someni polepole ile sura ya pili ya 2 Wafalme. Eliya anajua kwamba leo ataondolewa. Huko Gilgali anamwambia Elisha abaki, Elisha anakataa. Betheli hivyo hivyo, na Yeriko hivyo hivyo. Mara tatu anapewa ruhusa ya kubaki, na ruhusa yenyewe inatoka kwa mtu anayempenda. Tena Betheli na Yeriko wana wa manabii wanamwambia Elisha habari anayoijua tayari, naye anawaambia wanyamaze. Hana haja ya kujadili msiba unaokuja na watu wa pembeni. Anataka kutembea na Eliya leo. Na ni baada ya kuvuka Yordani, wamebaki wawili tu, ndipo Eliya anamuuliza anataka afanyiwe nini. Swali hilo halikuulizwa Gilgali. Maandiko yanasema hata gari la moto lilipotokea, walikuwa bado wanatembea na kuzungumza.

Sisi nasi tunapewa ruhusa ya kubaki, tena nyingi. Mwenzako mwenyewe atakwambia, usijisumbue, najua una kazi. Anasema hivyo kwa sababu hataki kuwa mzigo. Usimsikilize.

Najua kuna atakayesema nauli hana. Bibi zetu hawakuwa na nauli. Mtu aliamka asubuhi, akafunga ndizi na kibaba cha mchele kwenye kikapu, akaenda kushinda kwa shoga yake. Walichambua mchele, wakasukana nywele, wakapika, wakalala kidogo mkekani, na jioni mwenyeji akamsindikiza mgeni mpaka njiapanda, ambako walisimama tena kwa muda mrefu. Desturi hiyo ilikuwa yetu kabla hatujawa watu wa vikao, na inawafaa hasa wale wasioweza kutoka: mama mwenye watoto wadogo, anayeuguza, mzee ambaye miguu imemkataa. Mfuateni huko huko aliko. Menyeni viazi pamoja. Simu ikae kwenye mkoba, na usiage kabla chakula cha mchana hakijashuka.

Vijana, nawaombeni hili kwa moyo wote. Mna marafiki wengi kuliko tuliokuwa nao sisi, na ninazika vijana ambao marafiki wao wananiambia kaburini hawakujua lolote.

Kwa upande wetu, wazee wa kanisa wamekubali kwamba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hakutakuwa na kikao chochote usharikani. Kamati ya ujenzi itakutana Jumatano jioni baada ya ibada, na kwaya wamehamishia mazoezi yao Ijumaa. Ofisi itafungwa. Mwenye mgonjwa au msiba anipigie wakati wowote, nitakuja. Mambo ya risiti na ahadi yasubiri Jumatatu. Jumamosi hiyo, daktari akiruhusu, mimi na rafiki yangu tutakwenda milima ya Pugu, na safari hii mkewe amesema anakuja nasi.