Kilichofichwa Chini ya Rangi

Mjomba wangu alinunua lori mwaka 2010, wakati Mpanda bado ni wilaya ya Rukwa na mkoa wa Katavi haujazaliwa. Lilikuwa Isuzu la tani saba, kuukuu, lakini limepigwa rangi ya bluu inayong'aa hata ungeweza kuchania nywele mbele yake. Muuzaji alipiga bodi kwa kiganja, paa! paa!, akasema, "Mzee, hiki ni chuma." Mjomba akahesabu pesa za miaka mingi ya kulima tumbaku, wakapeana mikono, basi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yamenigomea. Nikawa utingo.

Ndugu msomaji, ukitaka kumjua binadamu usipoteze muda kumsikiliza akijieleza. Lala chini ya gari aliloliuza.

Mimi nililala chini ya lile lori karibu kila wiki, kwenye gereji moja ya chini ya mwembe pale Majengo. Kila tulichofungua kilikuwa na siri yake. Tangi la mafuta lilikuwa na ufa uliozibwa kwa sabuni ya kipande. Fyuzi haikuwepo, badala yake kulikuwa na ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri kabisa. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika jani moja, nalo limefungwa kwa kamba ya mpira wa tairi. Waya wa taa ulikuwa umeungwa mara sita kwa rangi sita tofauti. Na juu ya hayo yote, rangi ya bluu.

Kila jambo lilipojitokeza mimi nilitukana. Fundi alikuwa mzee wa makamo, mikono yake haikutakata hata siku ya Idi. Siku moja akaniambia, "Mpwa, usimtukane mtu kwa sabuni. Sabuni imewafikisha wengi nyumbani."

Akanisimulia miaka ya mwanzo ya themanini. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 vimekwisha, nchi haina fedha za kigeni, mafuta ya mgawo, spea hamna. Hata ukiwa na pesa mfukoni, utanunua nini na duka ni tupu? Gari likikatikia njiani kati ya Inyonga na Mpanda, fundi alikuwa na nyundo, kipande cha nondo, na akili yake. Chuma cha jembe kilikuwa kifaa cha injini. Ngozi ya kiatu ilikuwa gasketi. Mahindi yakafika, wagonjwa wakafika, walimu wakafika. "Sisi tuliishikilia nchi hii kwa waya," alisema, na hakuwa anatania.

Niliona aibu. Nikaelewa kwamba kiraka chenyewe si dhambi. Kiraka ni mtu anayekataa kulala porini. Anayekicheka hajawahi kukwama Koga usiku akisikiliza fisi.

Sasa basi, kama kiraka si dhambi, ni nini kilichoniuma? Hilo ndilo swali langu katika makala hii, na jibu lake nililipata kwa njia mbaya.

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 2011, msimu wa mavuno. Tulipakia mahindi Namanyere, magunia yamejaa mpaka juu, kwenda stesheni ya reli ya Mpanda. Siku hizo barabara ilikuwa vumbi tupu. Ukitoka Kizi unateremka mlima wa Lyamba lya Mfipa, unaingia ndani ya Hifadhi ya Katavi, halafu Sitalike, halafu ndiyo Mpanda. Sisi matingo tulikuwa wawili: mimi ndani ya kabini kwa sababu ya udugu, na kijana mmoja wa Kawajense juu ya magunia, amejifunika shuka kichwani kwa ajili ya mbung'o.

Lori lile lilikuwa na tabia ya kuvuta kidogo upande wa kushoto kila ukikanyaga breki. Dereva wetu alikwisha kulizoea. Alikuwa analirudisha kwa mkono bila hata kufikiri, kama mtu anavyozoea mke mkali. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya kuungua. Kisha nikaona mguu wa dereva unakanyaga mara mbili, mara tatu, mara nne, haraka haraka. Pedali ilikuwa inashuka hadi chini kama inakanyagwa kwenye uji.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Shikilia." Akalazimisha gia ndogo, injini ikalia kilio ambacho sijakisikia tena, halafu akaliegemeza lori kwenye ukuta wa mlima, ubavu kwa ubavu, chuma kinasaga mawe mita baada ya mita mpaka likasimama. Tulipona. Lakini yule wa Kawajense alikuwa ameruka. Alianguka kwenye mawe, mguu ukavunjika mahali pawili. Hadi leo anachechemea. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri tu, na mimi macho yangu yanakwenda chini, kwenye mguu.

Lilipovutwa mpaka gereji, fundi alilala chini, akakaa kimya muda mrefu, akaniita. Bomba la breki la gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa limekatwa. Ncha yake imepondwa kwa nyundo, ikakunjwa, ikapondwa tena. Nikaelezwa maana yake. Katika lori la namna ile mafuta ya breki ya magurudumu yote yanatoka mahali pamoja. Gurudumu moja likivuja, mafuta yote yanakwisha na hubaki na breki hata moja. Kwa hiyo ukiwa porini unaziba bomba la gurudumu linalovuja, unarudi nyumbani na breki za magurudumu matatu, taratibu, gari tupu. Ni akili nzuri. Lakini ukibeba tani saba na kuteremka mlima, matatu yanafanya kazi ya manne, yanapata moto, mafuta ya breki yanachemka, na mafuta yaliyochemka hayasukumi kitu.

"Aliyeziba hapa alikuwa fundi," mzee alisema. Kisha akakwangua kwa ukucha ile ncha iliyopondwa. Ilikuwa na rangi ya bluu. Si rangi ya kunyunyiziwa kwa bahati mbaya. Imepakwa kwa brashi, kwa uangalifu, ili ifanane na chasisi. "Na aliyepaka hapa alikuwa mwizi."

Watu wawili, basi. Au mtu mmoja katika siku mbili tofauti. Siku ya kwanza alikuwa porini na shida yake, akafanya alichoweza. Siku ya pili alikuwa mjini, ana kopo la rangi na mnunuzi anakuja saa nne. Kati ya siku hizo mbili ndipo swali letu linapokaa.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba watu waliligombania jambo hili zamani sana. Mrumi mmoja, Cicero, mwaka 44 kabla ya Kristo aliandika kitabu juu ya wajibu, akamwelekezea mwanawe aliyekuwa masomoni Athens. Humo ameweka mfano wa mtu anayeuza nyumba: yeye peke yake anajua kwamba mbao zake zimeoza na vyumbani huonekana nyoka. Je, lazima amwambie mnunuzi? Cicero anawakumbuka wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli alitetea muuzaji: kunyamaza si kuficha, na mnunuzi ana macho yake. Antipater, mwanafunzi wake, akakataa: binadamu hatukuumbwa tuviziane, na kumwacha mwenzako atumbukie wakati unaliona shimo ni sawa na kumpoteza njia. Cicero akasimama na mwanafunzi.

Na wale waliopitia chuoni wanaikumbuka habari ya Mtume sokoni, alipotumbukiza mkono katika lundo la nafaka akakuta chini kumelowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa, mbona hukuiweka juu watu waione? Ona, jamani, mvua hakulaumiwa mtu. Kulaumiwa kulianzia kwenye ile nafaka kavu iliyowekwa juu.

Hata Sheria yetu ya Mikataba ya mwaka 1961 ina mlango mdogo kama huo. Kwa kawaida kimya peke yake si udanganyifu, isipokuwa pale mtu anapokuwa na wajibu wa kusema. Lakini kulificha jambo kwa makusudi huku unalijua, huo ni udanganyifu. Kwa maneno ya gereji: sabuni haina kesi, rangi ina kesi.

Ningeweza kumaliza hapa, nikawalaani wenye magari wa zamani wote, nanyi mkanipigia makofi. Tatizo ni kwamba sijafika kwangu.

Mjomba alitengeneza breki zote, kwa haki kabisa. Mguu wa yule kijana ulimnyima usingizi. Lakini kule kusagana na mlima kuliacha ufa kwenye chasisi, nyuma kidogo ya kabini. Fundi akauchomelea, akaongeza kipande cha chuma juu yake, akasema wazi mbele yangu: "Hii sasa ni ya tani nne. Saba, mtanikumbuka." Tukabeba nne kwa muda. Tani nne hazilipi dizeli, dereva na ushuru. Mwaka 2013 mjomba akachoka, akaamua kuuza. Akanunua makopo mawili ya rangi ya kijani. Brashi akanipa mimi.

Naam. Nilipaka. Nilipofika kwenye ile chuma iliyochomelewa nilisita, mjomba akaniona. "Vipi, mjomba?" Nikamwambia, hapa je? Hakukasirika. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionishinda: "Mimi niliambiwa? Mimi nilihurumiwa? Kila mtu analinunua kama alivyolikuta." Nikapaka mara mbili, ili likauke sawasawa.

Mnunuzi alikuja, mtu mnyenyekevu wa upande wa Inyonga, amevaa koti siku ya joto kwa heshima ya biashara. Akauliza kama linabeba saba kamili. Mjomba akajibu, "Saba na kitu." Yule bwana akanigeukia. "Eti kijana, wewe ndiye unayelala chini yake. Iko sawa?"

Mbele yangu alisimama mjomba aliyenilisha, aliyenilipia ada, aliyeuza tumbaku ya maisha yake kwa chuma kibovu. Nikasema, "Halina noma, mzee."

Maneno matatu tu. Sikulala. Usiku nikachana karatasi ya daftari, nikaandika yote: ufa uko wapi, fundi alisema nini, tani nne si saba. Alfajiri kabla hawajaondoka nikaichomeka nyuma ya kile kizuizi cha jua, juu ya kichwa cha dereva. Wenzangu mnaotaka kuwa waandishi, hiyo ndiyo makala yangu ya kwanza, na sijui kama ilipata msomaji. Nilijidanganya kwamba nimesema. Ukweli unaouficha mahali ambapo huenda usionekane ni rangi nyingine tu. Nilitaka kuwa mwema bila kugombana na mjomba.

Na hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wakubwa wale wa Roma. Wao waliuliza muuzaji ana wajibu gani kwa mnunuzi. Kwetu swali halina watu wawili peke yao. Yupo mjomba, aliyedhulumiwa kabla hajadhulumu. Yupo kijana wa juu ya magunia, ambaye hakuuza wala hakununua, na mguu uliovunjika ni wake. "Kila mtu analinunua kama alivyolikuta" ni usemi wa haki kama wanunuzi ndio wanaopanda peke yao. Lakini lori hupandwa na watu ambao hawakuwepo siku ya kupatana bei. Dhuluma haifutiki kwa kumpasia mwingine. Inasafiri tu, na kila mkono inapopita inapata koti jipya la rangi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, muuchukue au muuache. Ziba kwa sabuni, funga kwa waya, chomelea kwa nondo, fika nyumbani. Lakini siku unapomkabidhi mwenzako funguo, mpe na orodha. Sema kwa mdomo, uso kwa uso, bei ikiwa bado haijafungwa, maana ukweli unaosemwa pesa zikiwa mfukoni ni majivuno.

Mwaka 2019 niliuza pikipiki yangu. Nilimwonyesha mnunuzi tairi lililopasuka likashonwa, nikamwonyesha cheni iliyopunguzwa pingili, nikamwasha injini aisikie inavyokohoa ikiwa baridi. Alikata laki moja na nusu kwenye bei, akacheka sana. "Wewe bwana huuzi," akasema, "wewe unaungama."

Nikamwambia bado kuna taa ya nyuma.