Dhahabu ya Kilwa Mjini Lisbon

Mtu aendaye kutembea katika mji mkuu wa Ulaya kwa siku tatu au nne huwa mgeni wa namna ya peke yake. Hakuitwa na mtu, hakuja kuuza wala kununua, wala hana mgonjwa wa kumjulia hali. Amekuja kutazama tu. Je, kutazama huko kuna wajibu wowote? Swali hili sikulipata kitabuni. Lilinishika mjini Lisbon, na tokea Ijumaa niliyofika hata Jumatatu niliyoondoka halikuniachia.

Jumamosi nilikwenda Belém, ukingoni mwa mto Tejo, mahali ambapo merikebu za Wareno zilikuwa zikitweka matanga kwenda Bara Hindi. Pana monasteri kubwa ya mawe meupe, Jerónimos, iliyojengwa tangu mwanzo wa karne ya kumi na sita kwa msaada wa kodi ya sehemu moja katika ishirini juu ya biashara ya Afrika na Mashariki. Katika mji ule kanisa huitwa igreja, neno ambalo kwetu limekuwa gereza. Mwalimu wa lugha hupata furaha ndogo katika mambo kama haya, hata pasipofaa kufurahi. Ndani ya kanisa, karibu na mlango, limo kaburi la Vasco da Gama. Nilisimama mbele yake kwa utulivu kuliko nilivyotazamia, kwani mtu aliyefariki mwaka 1524 hana jawabu la kumpa mpita njia.

Mbele ya mto umesimama mnara uliojengwa mwaka 1960 kwa sifa ya mabaharia wale, na chini yake ramani ya dunia imetandazwa kwa marumaru. Watu huikanyaga ili wapigwe picha. Mtoto mmoja aliruka kutoka Afrika hata Bara Hindi, mama yake akampigia makofi, nami nikacheka pamoja nao.

Jumapili sikucheka. Katika makumbusho ya sanaa ya kale, yaliyo katika njia iitwayo Madirisha ya Kijani, kuna monstransi ya dhahabu, yaani chombo cha kuwekea mkate mtakatifu ili waumini wautazame. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuuzunguka, nguo zao zimetiwa rangi zisizofifia, na juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Maandishi yanayozunguka kitako chake yanasema wazi kwamba Mfalme Manuel aliamuru chombo hicho kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika mwaka 1506. Hakuna kilichofichwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na mizinga yake, akamlazimisha Amiri Ibrahimu kutoa dhahabu ya utii. Mwaka 1505 merikebu za Francisco de Almeida zikaja, mji ukatekwa na kuporwa. Mwaka uliofuata fundi alikuwa amekwisha kuwapigisha mitume magoti.

Nami nilikiona kuwa kizuri. Hapo ndipo penye uzito. Kama kingalikuwa kibaya, ningalikasirika na kwenda zangu nikiwa nimeridhika na hasira yangu. Lakini macho yalifurahi kabla moyo haujapewa nafasi ya kusema. Nilijaribu kujitetea kwamba uzuri ni wa fundi, na fundi hakushika mzinga. Utetezi huu haukunitosha, maana alaye karamu hawezi kumsifu mpishi peke yake hali anajua ng'ombe alichukuliwa kwa nani.

Basi nikajipa cheo cha mdai. Nilisema moyoni: hii ni yetu. Ila sikukaa katika cheo hicho muda mrefu, kwa sababu Kilwa haina machimbo ya dhahabu. Dhahabu yake ilitoka Sofala, na Sofala iliipata kutoka nchi za juu za Zimbabwe, ambako ilichimbwa na watu ambao hakuna kitako chochote kilichoandikwa habari zao. Watawala wa Kilwa walitoza ushuru wao kwanza. Niliwahi kuzuru Kilwa Kisiwani, nikausifu Msikiti Mkuu na kuba zake, nikatembea katika magofu ya Husuni Kubwa nikiona fahari, wala sikuuliza hata mara moja ni nani aliyeinama shimoni. Wareno walau waliandika walikoitoa.

Sisemi kwamba mtoza ushuru na mporaji ni mamoja. Biashara ina mapatano, hata yakiwa ya wenye nguvu na wanyonge, mizinga haina. Lakini niliyemdai Mreno hesabu kamili nilikuwa nimejisamehe yangu, na msamaha huo niliugundua nikiwa mbali na nyumbani, mbele ya kioo cha watu wengine.

Jumatatu asubuhi nilirudi nikitaka kukiona chombo kile mara ya pili, kwa macho yasiyo ya mdai. Mlango ulikuwa umefungwa. Jumatatu makumbusho yale hayafunguliwi, nami ndege yangu ilikuwa ya adhuhuri. Wageni wawili, mke na mume, walikuwa wamesimama pale na ramani yao, wakaniuliza kama ndani mna kitu kistahilicho kurudiwa. Niliwaambia warudi kesho, waulizie chombo cha dhahabu, na wainame wasome maandishi ya chini.