Pongezi kwa Jirani na Amri ya Nane

Yafaa mara nyingine kurudia jambo lililokwisha pita, maana siku litakapotokea kwa jirani mwingine litatukuta tungali pale pale. Twasema juu ya uchaguzi wa Kongo wa tarehe 30 Desemba 2018, na hasa juu ya yale waliyofanya majirani.

Siku ile Baraza la Maaskofu wa Kongo lilikuwa na waangalizi wapatao 40,000. Katika miji ya Beni na Butembo watu waliambiwa wangoje hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na hatari ya vita. Hata hivyo watu wa Beni walijipanga mistari wakapiga kura yao ya mfano, hali wakijua kwamba haitahesabiwa. Watu wa namna hiyo hawastahili kuambiwa kwamba kura si kitu.

Tarehe 10 Januari 2019 Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Félix Tshisekedi kuwa mshindi kwa 38.57 kwa mia, Martin Fayulu akiwa wa pili kwa 34.8. Maaskofu wakasema waziwazi kwamba hesabu hiyo hailingani na ile waliyokusanya waangalizi wao. Hawakuchochea fujo, waliomba karatasi za hesabu za kila kituo zitolewe ili watu wazilinganishe.

Majirani wakayumba. Tarehe 13 Rais Edgar Lungu wa Zambia, kwa niaba ya Jumuiya ya SADC, alishauri kura zihesabiwe upya. Siku chache baadaye Jumuiya hiyo hiyo ikasisitiza kwamba mamlaka ya Kongo yaheshimiwe. Tarehe 17 Umoja wa Afrika ulisema kuna mashaka makubwa, ukapanga kupeleka ujumbe Kinshasa. Mahakama ya Katiba haikungoja. Usiku wa kuamkia tarehe 20 ikathibitisha ushindi, ujumbe ukaahirishwa, na pongezi zikaanza kumiminika, zikiwamo za Rais Magufuli wetu.

Tusiwahukumu wakubwa hao upesi. Kongo imepakana na nchi tisa, na vita vya 1998 hadi 2003 viliyavuta ndani majeshi ya nchi nyingi. Sisi wenyewe tumewapokea wakimbizi wake huko Nyarugusu, Kigoma, tangu 1996. Tena ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru wa 1960 kwa madaraka ya nchi ile kupita kwa Rais mwingine kwa amani. Mtawala mwenye dhamana ya mipaka hawezi kuyadharau hayo, nasi hatumwombi ayadharau.

Lakini fikirini juu ya ndugu wawili kijijini wanaogombania shamba la marehemu baba yao. Mmoja amekwisha lishika. Jirani mwema atamwamkia kila asubuhi, atamwomba moto, atamsaidia kuzika. Hakuna dhambi hapo. Lakini je, aende barazani kwa wazee akasema, "Baba alimpa huyu, nami nilisikia," na hali hakusikia? Hapo amevuka. Amri ya nane haiulizi kama uongo ulisemwa kwa ajili ya amani.

Serikali zaweza kuzungumza na aliyeketi kitini, kwa sababu ya bandari, ya ziwa, ya wakimbizi. Kumsifu kuwa chaguo la wananchi, huku mashahidi wenye hesabu mkononi wakikana, ni ushuhuda, nao unamdhulumu mpiga kura aliyesimama juani. Katika waraka wake Pacem in Terris wa 1963, Papa Yohane XXIII aliutaja ukweli miongoni mwa misingi ya amani, sambamba na haki, upendo na uhuru. Wanaotuambia kwamba ukweli ungoje mpaka amani ije, wamejenga nyumba wakianza na paa.

Kulikuwako njia ya tatu, wala haikuhitaji bunduki wala vikwazo. Ombi la maaskofu lilikuwa jambo dogo: karatasi za kila kituo. Kama barua ya kumtambua Rais mpya haikuepukika, ombi hilo lingaliweza kuandikwa humo humo, mstari mmoja tu, kwa heshima, chini ya salamu.